Wiki Tano Bila Neno

Wahenga hawakumhofia sana apigaye kelele. Walimhofia anyamazaye ghafla. Hayo yalimdhihirikia mjane mmoja wa makamo, mfanyakazi wa idara ya maji.

Kazi yake ilikuwa kusoma magazeti yote, kusikiliza redio na kuandika kila lililosemwa kuhusu bwawa kubwa: nani kasema, wapi, kasifu au kalalamika. Chumba chake kilikuwa mwisho kabisa wa ujia, baada ya stoo. Wenzake walimwita Bi Magazeti, wala hapakuwa na aliyepita kumjulia hali. Nyumbani nako alilakiwa na viti vitupu. Sauti alizozizoea kama za nduguze zilikuwa za wakazi wa bondeni, waliopiga simu redioni kila asubuhi kulalamikia ufa katika ukuta wa bwawa. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye kikohozi ambaye Bi Magazeti alimtambua hata kabla hajasema neno.

Siku moja sauti hizo zikakatika kama uzi. Wiki iliyotangulia alikuwa ameandika malalamiko kumi na manne. Sasa hakuna hata moja. Wiki tano zikapita vivyo hivyo, naye akapeleka ripoti kwa bosi wake.

"Hongera kwetu!" bosi alichekelea. "Watu wameridhika."

"Bosi, aliyeridhika husema ahsante. Hawa hata hilo hawajasema."

"Mama, umeajiriwa kuhesabu yaliyosemwa, si yasiyosemwa."

Alirudi chumbani mnyonge kama kuku aliyenyeshewa. Hata hivyo moyo ulikataa kutulia, akampigia simu mtangazaji wa redio. Mtangazaji alinong'ona: "Dada, tumekatazwa kuwaweka hewani watu wa bondeni. Msimamizi wa bwawa ndiye anayetupatia matangazo ya kulipia. Lakini simu wanapiga bado! Jana yule mzee wa kikohozi alilia. Anasema ukuta unavuja."

Bi Magazeti alikusanya karatasi zake, akapanda ngazi hadi kwa mhandisi mkuu bila miadi.

Mhandisi alisoma, akainua macho. "Una hakika kwamba ukuta ni mbovu?"

"Ukuta sijauona, mhandisi. Nina hakika na kimya."

Mchana huohuo mhandisi aliondoka. Alipouona ukuta hakungoja kuambiwa mara mbili: kabla jua halijazama, familia zote za bondeni zilikuwa zimehamishiwa shuleni, juu kilimani. Siku ya pili asubuhi ukuta ulipasuka kwa kishindo kilichosikika hadi mjini. Maji yalizoa nyumba zote, yasimkute mtu hata mmoja.

Magazeti yalijaa habari hizo. Bi Magazeti alizihesabu: sitini na moja. Mhandisi alisifiwa, hata bosi alipigwa picha akitabasamu. Yeye hakutajwa popote. Aliandika idadi, akafunga jalada, akala chakula chake peke yake, na hodi haikupigwa mlangoni. Kule kilimani, akina mama walikuwa wakihesabu watoto wao, na kila mmoja hesabu yake ilitimia.

Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.