Kenge Aliyelala Ameshiba

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na jiwe.

— Jua likaliwasha!

Palikuwa na shimo.

— Baridi ikapiga hodi!

Palikuwa na tumbo.

— Halikusikia!

Vizuri. Leo mmeitikia kama watu waliokula. Sasa tulieni, maana ngano hii kwa wengine mtaisikia ikiwa imekatika mkia, na mimi nawapa nzima, na mkia wake. Niliachiwa na bibi yangu mzaa mama, na jiko lake limo humu ndani ya ngano. Mtaliona.

Hapo kale, huko juu kabisa kwenye mashamba ya pareto, ambako mwezi wa Juni umande huganda ukawa mweupe juu ya majani, palikuwa na jiwe kubwa lenye mgongo mpana. Kwenye jiwe hilo waliishi mijusi. Mkubwa wao alikuwa mwanamke, jina lake Tusekile, na huyo mkubwa mwenyewe hakuzidi kiganja cha mtu mzima, mkia ukiwemo. Lakini kichwa alikibeba juu. Alikuwa na haki ya kukibeba juu, kwa sababu ndiye aliyejua kulaza.

Kulaza si mchezo. Kipupwe cha kule hakimwachi mjusi akatembea. Mjusi hana manyoya, hana blanketi, jiwe likipoa naye anapoa. Kwa hiyo mijusi hulala shimoni msimu mzima, kimya, mpaka jua lirudi, na wakiamka ndipo wanapooana na kutaga. Asiyelala vizuri hatagi. Asiyeandaliwa vizuri haamki. Tusekile aliijua kazi hiyo mwanzo mpaka mwisho. Alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na mama yake, na tangu aishike hakuwahi kumpoteza mjusi hata mmoja.

Mpaka alipokuja Kenge.

Kenge alitoka bondeni, mtoni, kwenye joto. Alitaka aitwe Mwakenge, kama mtu wa ukoo mkubwa. Mkia wake akiupiga chini, pu! mawe madogo yanaruka. Alipanda mlima akifuata mayai ya kuku, akaliona jiwe, akawaona mijusi, akayaona mayai yao mchangani. Akayala yote. Halafu akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mijusi ni mifugo yake, kama watu wanavyofuga mbuzi, na mayai ni ya mfugaji. Mzee Lwitiko, mjusi aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote, alifungua mdomo aseme neno. Kenge akamkata mkia kwa meno. Kap!

Mwaka wa kwanza Kenge alifuga kwa akili yake. Akawashindilia mijusi chakula: panzi, kumbikumbi, inzi, mpaka siku yenyewe ya kuingia shimoni. Alisema mfugo ulionona utataga sana. Tusekile akamwambia hapana, sivyo, akaambiwa afunge mdomo. Kenge akateremka zake bondeni kuota joto.

Jua liliporudi, nusu ya mijusi hawakuamka. Tumbo lililopoa halisagi kitu, na chakula kilikuwa kimewaozea humo humo. Tusekile aliwatoa shimoni mmoja mmoja, na kati yao walikuwamo dada zake wawili. Alilia. Nawaambia wazi, alilia sana, na kilichomuuma zaidi ni kwamba alijua, na alisema, na hakusikilizwa.

Kenge naye alirudi na kikapu akakuta mayai saba. Akaona ameibiwa. Akasema mijusi wametaga wakaficha, mbona alikuwa amewanenepesha kwa mikono yake? Akawakusanya wote juu ya jiwe.

"Mwaka huu sishuki," akasema. "Nitalala mlangoni penu. Atakayetoka atanipita mimi. Na mayai yasipojaa kikapu, nitawala waliotaga."

Siku tatu Tusekile alilizunguka jiwe, mbele na nyuma. Siku ya nne akaenda kwa Kenge, akainamisha kichwa. Kidogo tu.

"Baba," akasema, "karibu ulale nasi. Lakini kulala baridi ni kazi, na kazi hii naijua mimi. Nitakwambia ukweli mtupu. Ukinisikia utaamka mzima."

"Sema."

"Chimba mlango wa kukutosha wewe. Upime kwa tumbo lako la leo, usiupanue, upepo ukipenya tumekwisha wote. Na kuanzia kesho hatuli. Siku kumi tunaota jua na kunywa maji tu, mpaka tumbo libaki tupu. Anayeingia ameshiba anaingia na ugonjwa wake."

Kenge akacheka. Mfugaji akae njaa pamoja na mifugo! Akacheka mpaka machozi. Tusekile akaendelea kumweleza, kwa sauti yake ile ile, kwamba nyumba ya mjusi ina milango miwili. Kenge alikuwa bado anacheka. Hakuuliza wa pili uko wapi.

Akachimba. Kwaru kwaru kwaru. Akaingia, akatoka, akaingia, akatoka, mlango ukamkaa barabara, hata unyasi usingepita ubavuni mwake. Akajisifu kwamba kazi ya mikono yake haina dosari, na kwa kweli haikuwa na dosari.

Pembeni palikuwa na rundo la panzi na kumbikumbi, chakula walichokuwa wamekusanya mijusi tangu mahindi yalipokauka. Tusekile hakulificha. Aliliacha pale pale, peupe.

Siku ya kwanza, mijusi wakaota jua, wakanywa maji, hawakula. Tusekile akamwambia Kenge, "Usile." Kenge akala. Nyafu, nyafu, nyafu.

Siku ya pili, mijusi wakaota jua, wakanywa maji, hawakula. Tusekile akamwambia Kenge, "Usile." Kenge akala. Nyafu, nyafu, nyafu.

Siku ya tano Tusekile aliwapanga mijusi mstari akawakagua. Alimbonyeza kila mmoja kwenye shina la mkia, maana hapo ndipo mjusi anapoweka akiba yake ya msimu. Nene, pita. Nene, pita. Akafika kwa mzee Lwitiko, akakuta kipande cha mkia tu, kimenyauka. Akamwambia mwaka ule asilale, hana cha kumfikisha. Mzee aliona haya mbele za wenzake. Tusekile akamnong'oneza kwamba hamwachi nyuma, anamtuma. Akamtuma wapi? Kwenye ukuta wa jiko la bibi yangu, ambako moto hauzimwi na inzi hawakosekani. Nilisema mtaliona. Bibi alimkuta ukutani, akamwacha, na kila alipopika alimsogezea kigogo kimoja chenye joto.

Kenge je? Siku ya tano alikula. Nyafu, nyafu, nyafu. Akasema na mdomo umejaa kwamba yeye si mjinga, wanataka akonde ili wamtoe mlangoni kirahisi.

Siku ya saba, na ya nane, na ya tisa, Tusekile alianza kuwapunguzia mijusi jua. Asubuhi kidogo, kisha kivulini. Kesho yake kidogo zaidi, kisha kivulini. Joto halivuliwi mara moja kama shati. Mijusi wakawa wazito, taratibu, macho nusu. Matumbo yao yalikuwa matupu na mikia yao imejaa. Tusekile aliwatazama akajua kwamba hata mama yake asingepata la kusahihisha.

Siku ya kumi rundo likaisha. Kenge akalamba chini. Mijusi wakaingia shimoni mmoja nyuma ya mwingine, mpaka ndani kabisa, kwenye majani makavu. Tusekile peke yake alibaki nje. Akamwendea Kenge mara ya mwisho.

"Baba, nimekwambia mara kumi. Tumbo lako limejaa. Bado una muda wa kushuka bondeni, huko kuna joto, litasaga. Shuka."

"Ndivyo mnavyotaka," akasema Kenge. "Nishuke, mtage, mfiche."

Basi Tusekile akaingia zake. Kenge naye akaingia, kinyumenyume, ili kichwa kibaki kinachungulia nje amwone atakayetoroka. Mkia ukapita. Miguu ya nyuma ikapita. Tumbo likagoma. Akavuta pumzi, akasukuma kwa nguvu zake zote, na nguvu alikuwa nazo. Hrrr! Tumbo likaingia, likajibana mlangoni.

Kipupwe kikashuka. Fyuuu, fyuuu. Upepo ulifika mlangoni ukakuta tumbo, ukarudi. Huko ndani mijusi hawajawahi kulala kwa raha namna ile. Mlango walikuwa nao kila mwaka, lakini mlango ulioshiba hawakuwahi kuupata.

Kenge akapoa. Tumbo lake nalo likapoa, na panzi wote wakabaki humo kama walivyoingia. Halafu wakaanza kuchacha. Bubu-bubu-bubu! Tumbo likavimba, mlango ukakaza. Alitaka kupiga kelele, mdomo ulikuwa umekufa ganzi. Wiki baada ya wiki alikaa hapo, kichwa nje na maumivu ndani, akiutazama umande ulioganda.

Jua likarudi. Siku moja mzee Lwitiko alitoka jikoni kwa bibi akinuka moshi, akazunguka nyuma ya jiwe, chini ya mizizi ya pareto, akagonga. To! To! To! Mizizi ikatikisika na Tusekile akatoa kichwa. Nyuma yake akatoka mmoja, na mwingine, na mwingine. Mzee Lwitiko akawahesabu mpaka wa mwisho. Wote walikuwepo.

Wakapita mbele ya pua ya Kenge kwenda juu ya jiwe. Kenge akatoa macho.

"Mmepita wapi?"

"Mlango wa pili," akasema Tusekile. "Nilikwambia. Ulikuwa unacheka."

Mijusi wakanywa maji kwanza. Kisha wakaota jua, siku tatu nzima. Kisha panzi mmoja mmoja, mdogo. Kisha ndipo arusi. Arusi zilifanyika pale pale, mbele ya macho ya Kenge, majike wamependeza, madume wamekoza rangi vichwani. Na mayai yalipokuja, Tusekile alichagua mwenyewe mahali pa kuyafukia: mchanga uliokuwa mbele ya Kenge, wenye jua kutwa. Kenge alinyoosha ulimi. Ukapungua kidole kimoja kuyafikia. Kila siku aliunyoosha, na kila siku ulipungua kidole kile kile.

Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nitoe."

"Nitakutoa," akasema Tusekile, "kwa kazi ile ile. Usile. Maji nitakuletea."

Safari hii alisikia. Angefanya nini? Tusekile akamletea maji kwenye jani kila asubuhi, yeye mwenyewe, bila kumsimanga. Jua likampiga kichwani, tumbo likapata joto, likaanza kusaga kidogo kidogo. Likanywea kidole, likanywea vidole viwili. Kabla halijaufikia upana wa mlango, mchanga ukatikisika. Tata-tata-tata! Vijusi, watoto wa mijusi, vikatoka, hivyo, vidogo kama njiti za kiberiti, vikampanda Kenge puani, vikamteleza shingoni, vikatawanyika kila upande. Kikapu hakikupata hata ganda.

Siku mlango ulipomwachia, Kenge alitoka ngozi inaning'inia kama koti la kuazima. Mijusi wote walikuwa juu ya jiwe wanamtazama. Hakuna aliyemcheka. Aliupiga mkia chini, ukasema pu ndogo tu, akateremka bondeni bila kuaga. Na huko kwetu juu hamtamkuta kenge mpaka leo.

Tusekile akapanda ncha ya jiwe. Majike wawili kati ya vijusi vile alikuwa amewapa majina ya dada zake, na walikuwa wamekaa kulia kwake na kushoto kwake, wanaota jua. Akawatazama wote. Akainua kichwa juu, akakishusha, akakiinua tena. "Niliwalaza," akasema, "na nimewaamsha." Vijusi vikamwiga. Na mpaka kesho, mkimwona mjusi juu ya jiwe anainua kichwa na kukishusha, anainua na kukishusha, msiseme anawatisha. Anarudia maneno ya bibi yake, na mimi namwelewa, maana na mimi nina bibi wa kujivunia.

Haya, na funzo lake? Funzo ni kwamba mdogo asimfundishe mkubwa kazi, kwa sababu mkubwa anajua yote. Mkibisha kamuulizeni Kenge. Na funzo la pili, lililo kubwa zaidi, ni kwamba mtu asilale ameshiba. Mmesikia? Basi ugali umeiva, maharage yako jikoni, nendeni mle mmalize sufuria, halafu moja kwa moja kitandani.

Ngano yangu nimeilaza shimoni.

— Na mkia wake!

Ikinoga, iamsheni jua likirudi.

— Na isiponoga?

Isiponoga, mlikuja mmeshiba.