Kikombe Kimoja cha Bi Dorotea

Hapo zamani, na aliye mbali asogee asikie, palikuwa na pwani ya baridi. Msinishangae! Si kila pwani ina minazi. Huko maji ya bahari yaliuma miguu, na kwenye vilima vilivyoitazama watu walilima zabibu. Ziliiva polepole, lakini zikiiva, mvinyo wake ulisifiwa mbali.

Bi Dorotea alikuwa mjane. Shamba lake la mizabibu alilipanda marehemu mumewe kwa mkono wake, mche kwa mche. Matanga hayajaanuliwa, akaja shemeji yake Hendriki, mkubwa wa ukoo wenye ardhi ile.

"Shemeji, nakupa msimu mmoja. Mvinyo ukiwa mbaya, nang'oa mizabibu naleta kondoo."

Msimu ukafika. Ukungu ukapanda kutoka baharini, ukakaa shambani kama mgeni asiyejua kuaga. Kuvu ikaanza kula zabibu za watu.

Katrina, mke wa mwana wa Bi Dorotea, akaingia shambani akang'oa majani yaliyofunika vishada, ili upepo upite.

"Mwanangu, unazivua zabibu nguo kwenye baridi hii?" mkwewe akamgombeza.

"Nisamehe, mama, lakini zinakosa hewa." Akaendelea mpaka vidole vikapasuka. Kuvu haikuingia.

Majirani wakashikwa na hofu, wakavuna mapema. Bi Dorotea naye akachukua kisu na kikapu. Abramu, mtunza mizabibu wake, akamzibia njia. Alikuwa ametafuna zabibu na kutema mbegu kiganjani.

"Tazama, mama, mbegu bado za kijani. Tukivuna leo tutakunywa siki."

"Na mvua ikija?"

"Ikija, nifukuze. Lakini leo havuni mtu."

Wakangoja. Subira huvuta heri, tunajua, ila inachoma moyo jamani!

Siku mbegu zilipogeuka kahawia, wingu zito likatokea upande wa bahari, na wavunaji wa mjane walikuwa wachache. Jirani yake Lukasi naye alikuwa bado hajavuna. Akawaita mkewe na wanawe wote. "Kwa mjane kwanza!" akasema. Wakavuna za Bi Dorotea mpaka kishada cha mwisho. Walipogeukia kwao, mvua ikawa imewahi. Zabibu za Lukasi zikapasuka, zikaoza zote.

Mvinyo wa Bi Dorotea ulipokuwa tayari, Hendriki akaonja. Akaonja tena, akitafuta kasoro. Akaikosa.

"Kondoo wangu watabaki kwangu," akasema. Bi Dorotea akalia kwa furaha, akamshukuru Mungu, akawakumbatia watu wake mmoja mmoja.

Sasa, pwani ile ina desturi. Kikombe cha kwanza cha pipa hupewa mtu aliyeokoa mavuno, na safu moja ya mizabibu huitwa kwa jina lake daima. Ni mtu mmoja tu. Ukikigawa, wanasema, hujamshukuru yeyote.

Abramu akasema, "Nisingewazuia, mngekunywa siki kama majirani. Utamu huu umetokana na kungoja."

Katrina akacheka. "Mzee Abramu, ungengojea nini? Kuvu? Bila vidole hivi, kungoja kwako kungeoza. Tena mimi nilifanya huku nagombezwa!"

Lukasi akainamisha kichwa. "Mimi sidai kitu. Nilidhani na zangu ningeziwahi."

"Wewe hudai, mimi nadai!" mkewe akadakia. "Wenzetu wana mvinyo wa kunywa. Sisi pipa letu ni tupu!"

"Pole, dada, na tunawashukuru," Katrina akamwambia. "Lakini bila sisi, mumeo angevuna nini hapa?"

Bi Dorotea akajaza kikombe mpaka ukingoni. "Nyote mmenifuta machozi," akasema. "Nikimpa mmoja, wawili nitawaangaliaje usoni?" Aliwapenda wote.

Haya, msinitazame mimi. Nimekuja na hadithi, sikuja na hukumu. Kikombe kimejaa, na midomo mitatu inangoja. Je, ingekuwa ninyi, mngemkabidhi nani?