Sulhu ya Bi Safura na Ukuta wa Ghanimu

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Yemeni aliishi mjane mfumaji, jina lake Bi Safura. Jirani yake alikuwa Ghanimu, mwuza ngozi, mtu wa swala na sadaka. Siku moja ukuta wa ghala la Ghanimu ulimwangukia bibi huyo akipita, ukamvunja mkono wa kulia. Mfupa ukaunga kombo. Na mfumaji asiye na mkono, ndugu zangu, atakula nini?

Kesi ilikuwa ya kwenda kwa kadhi, lakini Ghanimu akatangulia kuomba sulhu: atampa bibi ng'ombe wawili wa maziwa, naye bibi hatamshitaki. Bi Safura akaridhia. Desturi ya mji ule ilikuwa sulhu ifungwe msikitini, na imamu amwulize aliyedhurika, "Je, umesamehe unachokijua na usichokijua?" Kila mtu hujibu, "Nimesamehe," yakaisha. Bi Safura alijibu, "Nimesamehe ninachokijua."

Watu wakakohoa. Imamu akaona jibu ni jibu, sulhu ikapita, na ng'ombe wakaswagwa hadi uani kwa bibi.

Ghanimu alitoka jasho. Kabla ya ajali, fundi Yakuti alikuwa amemwambia, "Bwana, ukuta huu umeinama, utaua mtu," naye akajibu, "Ngoja niuze ngozi kwanza." Hilo alilificha, maana mbele ya kadhi, mtu aliyeonywa akapuuza hutozwa fidia kubwa mno, pengine ghala zima lingekwenda. Sasa alikuwa salama. Nafsi ikamwambia anyamaze. Lakini kila aliposujudu, jibu la bibi lilimrudia, na chakula kikawa kichungu kinywani. Namwonea huruma mja huyu, kwa sababu wengi wetu tungenyamaza tukanenepa.

Asubuhi moja akaenda kwa bibi, akapiga hodi. "Bi Safura, nilionywa juu ya ukuta ule nikapuuza, kisha nikakuficha. Sikufungi tena na sulhu yetu. Twende kwa kadhi, nitasema mwenyewe."

Bibi alikuwa akikamua ng'ombe kwa mkono wa kushoto. Akatabasamu. "Karibu, jirani, keti. Yakuti alinieleza siku ileile niliyovunjika."

"Ulijua! Na ukaridhika na ng'ombe wawili?"

"Wananitosha, alhamdulillahi. Nililolijua ndilo nililolisamehe. Ila sikutaka nikusamehe kwa jumla, ukalisahau bila kutubu, ukaja kulikuta Akhera. Kila alfajiri nimekuombea uje kwa miguu yako."

Ghanimu akalia, kisha akacheka, akataka kuongeza ng'ombe wa tatu. Bibi akakataa. "Na ule ukuta wako wa upande wa chuoni, wanapopita watoto?"

"Nao umeinama," akakiri.

"Basi unangoja nini?"

Adhuhuri ilimkuta mwuza ngozi juu ya ngazi pamoja na Yakuti, kilemba kimejaa vumbi, wakibomoa. Bi Safura akawapelekea kibuyu cha maziwa, nao wakanywa wakimshukuru Mola.

Ndugu zangu, sulhu ni kheri, nayo hufunga mlango wa kadhi. Mlango wa Mola haufungwi na sulhu. Heri yake anayetengeneza mambo yake mapema, mwenye haki akiwa bado yu hai na kibuyu cha maziwa mkononi.