Kibuyu cha Kuitikia Salamu

Wewe uliyekaa karibu na mlango, leo asubuhi ulimwuliza nani "hujambo," na alikujibu nini?

Hukumbuki. Basi sogea, kaa vizuri. Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa imetokea puani. Watoto wanaitika, watu wazima mnatazama mapajani. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, si kale ile ya mababu, ni kale hii ya juzijuzi, wanyama wa bonde la Mikambalani walikuwa na desturi yao. Asubuhi wote walipita njia moja kwenda kunywa maji. Kila aliyefika mbele ya nyumba ya mwenzake alisimama akaita, "Hujambo?" Wa ndani akaitika, "Sijambo!" Haya, pita. Na asipoitika? Unaita mara ya pili. Hajaitika? Mara ya tatu. Kimya? Unaingia. Huombi ruhusa, unaingia tu. Kwa desturi hiyo walimwahi Mama Nungunungu akiwa na mfupa kooni. Kwa desturi hiyo walimkuta Ngiri amenasa kwenye shimo lake mwenyewe, kichwa nje, kiwiliwili ndani, anaona haya kuita.

Desturi nzuri. Lakini inachosha, tusidanganyane. Muhanga alichimba mchwa usiku kucha. Alfajiri ndiyo kwanza anafumba jicho, hujambo! Anafumba tena, hujambo! Mama Nungunungu alikuwa na wachanga wawili. Akimlaza huyu, hujambo, anaamka yule. Na aliyeteseka kuliko wote ni Bi Kobe. Mpaka afike mlangoni, maharagwe yangekuwa yameiva. Kabla hajafumbua mdomo, majirani wameshajaa ndani, wanamtafuta chini ya majani. Kila siku anaokolewa. Alikuwa amechoka kuokolewa.

Ndipo akaja Kunguru. Kwaa! Shingo nyeupe, kifua mbele, na vibuyu vidogo vimening'inia kwenye fimbo.

"Hiki kinafanya nini?" akauliza Ngiri.

"Unakinong'oneza 'sijambo' mara moja. Unakitundika mlangoni. Anayepita akikuamkia, chenyewe kinaitika. Sauti yako, lafudhi yako, mpaka kile kikohozi chako cha asubuhi."

"Na mimi nafanya nini?"

"Wewe unalala."

Muhanga machozi yakamlengalenga. "Nalala?"

"Unalala, mzee wangu."

"Bei gani?" akauliza Bi Kobe.

"Bure."

"Bure ya nini?"

"Ya mapenzi, bibi."

Bi Kobe akacheka. Lakini Kanga, shoga yake tangu wote wawili wakiwa mayai, akamsukuma kwa bawa. "Chukua, shoga, nawe upumzike." Akachukua. Msimcheke, hata ninyi mngechukua.

Tik! "Sijambo!" Tik! "Sijambo, ahsante!"

Kila mlango ukapata chake, na siku za kwanza zilikuwa raha. Muhanga akanenepa. Wachanga wa Nungunungu wakalala. Bi Kobe akala majani yake mpaka mwisho bila kuvamiwa. Kunguru akarudi, akaviongezea vibuyu neno, sasa viliweza hata kuuliza, na wengine wakaanza kutembea navyo shingoni. Kibuyu cha Ngiri kikauliza, "Hujambo?" Kibuyu cha Nungunungu ng'ambo ya njia kikajibu, "Sijambo! Hujambo wewe?" "Sijambo! Hujambo wewe?" Asubuhi nzima. Bonde zima linaamkiana, na hakuna aliyeamka.

Basi siku moja ya kiangazi Bi Kobe akapanda kijiwe nyuma ya nyumba yake, anafuata ua la njano. Jiwe likateleza. Biringi, biringi, pu! Mgongo chini, miguu juu. Na kobe akilala chali hajigeuzi, hata awe na elimu ya wapi. Jua likampiga tumboni.

"Jamani!" akaita. "Jamani, nisaidieni!"

Tik! Hatua kumi kutoka hapo, kibuyu mlangoni kikasikia mtu anaita. "Sijambo, ahsante!"

"Nakufa!"

"Sijambo! Karibu tena!"

"Nyamaza wewe!"

"Sijambo!"

Ngiri akapita mbio, mkia juu. Akasikia sauti inasema nakufa. Akasikia sauti ileile inasema sijambo. Akasimama. Akakuna sikio. "Bi Kobe leo ana utani," akasema, akaenda zake. Mama Nungunungu naye akapita, akasikia vilevile. Akasogea hatua mbili. Akarudi hatua mbili. "Nikiingia nimkute mzima, si ataniita mmbeya?" Akashika njia.

Siku ya pili sauti ya Bi Kobe ikawa nyembamba. Siku ya tatu ikabaki sauti moja tu pale njiani, nayo ilikuwa changamfu kweli. "Sijambo! Karibu tena!"

Alfajiri ya siku ya nne Muhanga alikuwa anatoka kazini, pua ardhini, anafuata mstari wa mchwa. Pua ikagonga gamba. Ko!

"Samahani," akasema, akazunguka. Akaenda kidogo. Akarudi. "Bi Kobe?"

Mlangoni, tik! "Sijambo!"

Muhanga akatazama mlango. Akatazama gamba. Akatazama mlango tena. "Sasa nimwamini nani?" akajiuliza. Alisimama pale muda mrefu, maskini, anageuza kichwa huku na huku. Kisha akamwamini yule mwenye miguu. Akamgeuza.

Wakakusanyika wote. Bi Kobe alilazwa kivulini, gamba lina ufa, ulimi mkavu kama gome. Muhanga akamtilia maji mdomoni, tone, tone, tone. Na pembeni ugomvi ukawaka.

"Mimi nilimwamkia kila siku!" akasema Ngiri.

"Wewe au kibuyu chako?"

"Mimi! Yaani, nilikuwepo kilipomwamkia."

"Mimi alinijibu," akasema Mama Nungunungu.

"Nani alikujibu?"

"Yeye! Au... ngojeni kwanza. Mnanichanganya."

"Ulimwuliza nini?"

"Nilimwuliza hujambo."

Loo! Vibuyu vyote vya bonde vikasikia neno lao. Tik, tik, tik! "Sijambo! Sijambo! Hujambo wewe? Sijambo!" Ikabidi wangoje viishe, na vilipokwisha hakuna aliyekumbuka wamefikia wapi. Wakaanza upya. Mara mwenye kosa ni jiwe. Mara ni Bi Kobe, kwa nini apende maua ya njano? Mara ni kibuyu, kipasuliwe!

"Kwaa! Taratibu, ndugu zangu," akasema Kunguru. "Kibuyu kimesema nini? Kimesema sijambo. Ninyi wenyewe mkiwa na homa mnasemaje? 'Sijambo, ila kichwa kinauma.' Kibuyu kimekosa 'ila' tu. Mwezi ujao nakuleteeni chenye 'ila.'"

Nusu yao wakapiga makofi. Ngiri akauliza kama 'ila' nayo itakuwa bure.

Hapo Bi Kobe akatoa shingo, polepole. Wote wakamgeukia. Walikuwa wamemwombea apone, na sasa walipoona atapona, kila mmoja akaanza kuhofia bibi atasema nini.

"Waliosikia wakachanganyikiwa, hao nimewasamehe," akasema. Sauti ilikuwa inakwaruza. "Hata mimi, siku ya pili, nilijiuliza ni nani anasema kweli, mimi au kile kibuyu. Kilikuwa na uhakika kuliko mimi. Lakini mmoja wenu hakuishia njiani. Alikuja mpaka pale nilipolala. Akasimama. Tukatazamana."

"Nani, bibi?"

"Simtaji. Ana mdomo wake."

Wakageukiana. Ngiri akaapa kwa meno ya mama yake. Nungunungu akaapa kwa wachanga wake wote wawili. Kunguru akasema yeye ni mgeni, mambo ya ndani ya bonde hayamhusu. Wakaulizana mmoja mmoja, wewe, si mimi, wewe, si mimi, mpaka wakafika nyuma kabisa, alikokaa Kanga na kibuyu chake shingoni.

"Na wewe, Kanga? Ulipita?"

Tik! "Sijambo, ahsante!"

Wakacheka. Jamani, walicheka mpaka vumbi likatimka. Kanga hakucheka. Akakivua kile kibuyu. Akakiweka chini, akakikalia kama yai. Kikaendelea kusema huko chini, mm, mm, mm, lakini maneno hayakusikika.

"Kanga," akaita Ngiri, bado anacheka, "unakiatamia?"

"Ni mimi," akasema Kanga.

Kicheko kikakatika.

"Siku ya tatu, nilikuwa nakwenda kuoga vumbi. Wenzangu walikuwa wameshatangulia. Nikamwona, miguu juu. Nikasogea, nikamwuliza, hujambo, shoga? Kule mlangoni kikasema sijambo. Nilikuwa nautazama mdomo wake. Haukutikisika. Nilijua si yeye aliyejibu. Nilijua kabisa, hakuna kilichonichanganya. Nikasema moyoni, si amejibu? Nikaenda kuoga."

Mnataka funzo, nawajua. Haya: ukimwuliza mtu hali, ngoja jibu lake yeye mwenyewe, na jicho likishaona shida, sikio lisitafute udhuru. Ngano yangu nimeitua hapo, miguuni pa Kanga. Atakayeiokota, aichukue.