Waya wa Jirani

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huidhania methali hii kuwa ya jikoni, kwamba mgeni akija chakula hupikwa vizuri na wenyeji wakala kwa jina lake. Lakini mgeni huja pia na macho ambayo mwenyeji hana, na anayemfungia mlango hujinyima mwenyewe. Fundi mkuu wa mitandao wa chuo kimoja aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Kuijua ni jambo moja, kuiamini ni jingine.

Wenzake walimwita Kufuli, naye jina hilo alilivaa kwa maringo kama koti jipya. Chumba chake cha mashine kiling'aa. Nyaya zilifungwa mafungu mafungu, kila moja na kibandiko chake, na mlangoni palibandikwa karatasi: VIATU NA UDADISI VIACHWE NJE. Ndani ya mashine kuu alikuwa ametunga orodha aliyoiita "wageni". Kompyuta ya nje ikishaandikwa humo, haikupokelewa tena.

Chama cha wataalamu wa mitandao kilikuwa na wanachama katika nchi kadhaa, na Katibu wake, mwanamke asiyechoka kushawishi, alikuwa na wazo moja kichwani: vyuo vya nchi jirani viunganishwe, ili njia ya mmoja ikikatika apite kwa mwenzake. Katika mkutano mkuu mkono wa Kufuli peke yake ndio uliopinga. Mwezi uliofuata fundi kijana wa chuo cha ng'ambo ya mpaka alikuja, akaufunga waya wa kuunganisha vyuo hivyo viwili, akaaga. Kufuli hakumpa hata kiti. Kijana alipoondoka tu, Kufuli aliitia anwani ya chuo hicho cha jirani kwenye orodha ya wageni, kisha akamwandikia Katibu kwamba waya umefungwa. Hakusema uongo. Alisema nusu ya ukweli, ambayo ni binamu wa uongo.

Siku zikapita, ikafika siku ya binti yake. Saa nane mchana alipaswa kuitetea tasnifu yake ya magonjwa ya mifugo katika ukumbi wa chuo hicho hicho, mbele ya watahini watatu waliokuwa katika nchi tatu, kwa njia ya mtandao. Tarehe ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Ikiahirishwa tena, angesubiri mwaka mzima.

Saa saba na dakika ishirini, wachimbaji wa barabara waliukata mkongo mkuu wa mtandao. Chuo kizima kikawa kisiwa.

Binti alivua viatu, akaingia. "Baba, si kuna ule waya wa chama? Hauwezi kutubeba?"

"Unaweza."

"Sasa?"

"Niliufunga," Kufuli alisema, akiitazama kibodi. "Kwa mkono wangu."

Binti hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. "Basi ufungue, baba," alisema, akarudi ukumbini kupanga karatasi zake.

Kufuli aliifuta anwani ya jirani kwenye orodha. Kimya. Akajaribu tena, kimya. Saa nane kasorobo alijikaza kisabuni, akampigia simu yule kijana.

"Shikamoo mzee," sauti ilisema kwa uchangamfu. "Nimeisubiri simu hii miezi mitatu. Kila Jumatatu naujaribu waya, nakuta ukuta."

"Marahaba. Na hukunisemea kwa Katibu?"

"Ningeanzaje? Ufunguo anao mwenye nyumba. Hebu nisomee maagizo ya waya huo, polepole, hata yale unayoyajua."

Kufuli alimweleza kwa ufupi habari za binti na watahini wake, kisha akasoma mstari baada ya mstari, mpaka akaufikia wa mwisho, ambao macho yake yalikuwa yameuruka mara tano. Aliuandika kwa hasira jioni ile waya ulipofungwa. "Wengine wote ni wageni."

"Wote?"

"Wote."

"Mzee, na watahini wa dada je?"

Kufuli akacheka, kicheko cha mtu aliyejikamata mwenyewe akiiba. Akaufuta mstari. Papo hapo, kutoka ukumbini, ikasikika sauti ya profesa wa mbali akiuliza kama anasikika.

Kijana hakukata simu. Aliukeshea waya ule mchana kweupe, akimweleza Kufuli mahali unapoelemewa na namna ya kuupunguzia mzigo. Kufuli, ambaye kwa miaka ishirini hakufundishwa na mtu, aliandika kila neno. Alishangaa kuona kwamba anafurahi.

Saa kumi makofi yalipenya ukutani.

"Amepita?" kijana aliuliza.

"Amepita, mwanangu," Kufuli alisema, na machozi hakuyaficha. "Nawe ndiye uliyempitisha, kwa njia niliyokuzibia."

Kesho yake aliifuta orodha yote, akaandika upya maagizo yake, akamtumia kijana ayakague kwanza. Kwa macho yake mwenyewe Kufuli alikuwa ameshuhudia kwamba waliosema hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.