Mtoto wa Boga Aitwe Nani?

Anayetafuna ameze kwanza, maana hapa nataka masikio.

Ndani ya ua la boga, chini kabisa, alikaa Kabula, seli ya yai, na alikuwa anaogopa. Ua limefunguka alfajiri, nyuki ameshapita, na mwenza asipofika kiboga kitapauka, kitadondoka, na yeye ndani yake. Mlangoni pake walikaa dada zake pacha, Kulwa na Doto. Kulwa alijua kuita kwa harufu. Juu kabisa, kwenye chembe ya chavua, alikuwapo Mrija, aliyejua kurefuka gizani, na tumboni kabeba ndugu wawili wasio na miguu, Masanja na Luhende.

Kulwa akaita, akaita.

"Dada, na asipokuja?"

"Atakuja. Tulia basi, unanitetemesha na mimi!"

Mrija akaisikia ile harufu, akarefuka, ikikata kona naye anakata, mpaka mlangoni. "Hodi, shemeji!"

"Shemeji wa wapi, hata posa hujaleta!" Kulwa akacheka, kisha akashusha sauti. "Ila ujue, ukiingia kwangu utapasuka. Na mimi sitabaki."

"Na nisipoingia?"

"Yule ndani hatapata mtoto."

Akaingia. Wakaisha wote wawili, hapohapo, na Doto akafunga mlango huku analia.

Ndugu wawili wakamwagika ndani; Masanja akaungana na Kabula, mimba ikatunga. Luhende naye angeweza kuwa baba, hakupungukiwa kitu, lakini akauliza, "Sasa huyu atakula nini?" Akaenda chumba cha pili, jirani na Kabula, akageuka chakula. Mtoto ananenepa, yeye anapungua, mpaka hakubaki hata chembe.

Sasa, ukoo ule una desturi: mtoto hurithi jina la aliyekufa ili yeye aishi, mmoja tu. Ukikosea, mtoto hulia hata akiwa udongoni, wala haoti.

"Ni Kulwa!" akasema Doto. "Nani angefika bila kuitwa?"

"Kuitwa si kufika," akasema Masanja. "Mrija ndiye aliyetubeba."

Kabula akamshika mtoto, kazito, kameshiba. "Na aliyemlisha je?"



Ganda la mbegu limeanza kukaza, jamani, na mvua imeshanguruma kule. Ungekuwa wewe Kabula, mdomo umeusogeza sikioni kwa mwanao, ungemnong'onezea jina lipi: Kulwa, Mrija, au Luhende?