Kwa Nini Warina Asali Hupiga Mbinja

Kaeni vizuri, niwapeleke enzi ambazo hata babu zangu walizisikia tu. Wakati huo asali ilirinwa kimya kimya. Mrina alipanda peke yake, akashuka peke yake, na alichokilamba huko juu alikijua yeye na nyuki.

Katika miombo ya Unyamwezi aliishi Kasanda, mwenye mizinga mingi na goti bovu. Kupanda hakuweza tena, na mwanawe alikuwa amechumbia. Wakwe walitaka mahari ya asali, iliyojazwa katika malindo, vile vyombo vya magome ya mti, kabla mvua hazijaanza. Ndipo Kasanda akaingia ubia na Mihambo, mgeni aliyepanda miti kama ngedere. Wakakubaliana nusu kwa nusu.

Siku ya kwanza tu Kasanda alikosa raha. Kamba ilishusha lindo, na lindo halikujaa. Akautazama mdomo wa mwenzake, nao ulikuwa unang'aa. Ni jasho lile? Mwonja asali haonji mara moja, akajisemea.

Kesho yake akatoa sharti. "Mwenzangu, ukiwa juu utapiga mbinja bila kukoma. Mdomo wenye asali haupigi mbinja."

Mihambo akacheka, ila si kwa furaha. "Vyema. Nawe huko chini utaniitikia. Au wewe huna ulimi wa kulambia?"

Basi wakarina hivyo, fyuu juu, fyuu chini, kila mmoja akimsikiliza mwenziwe kama mwenye kuku anavyomsikiliza kicheche. Malindo yakajaa, lakini hakuna aliyemwamini mwenzake hata chembe.

Siku ya mwisho, lindo la mwisho la mahari likiwa linaning'inia katikati ya njia, mbinja ya juu ikakatika.

"Leo nimekunasa!" Kasanda akafoka, kamba mkononi. "Meza kwanza, ndipo unidanganye!"

Akasogea apate kumwona mwizi wake. Mihambo alikuwa amening'inia kwa mikono, tawi limevunjika chini ya miguu yake, nyuki wamemjaa usoni, midomo kaibana wasimwingie.

Kasanda alijua lindo lile lilikuwa na maana gani nyumbani kwake. Akaiachia kamba. Asali ikamwagika yote, naye akakimbia na goti lake bovu, akampokea Mihambo kwa mabega, wakabingirika wote wawili majanini. Nyuki walimuuma sana siku ile, lakini aibu ilimuuma zaidi.

Na mahari? Mihambo, uso umemvimba kama boga, alitoa lindo katika nusu yake, akalipeleka kwa wakwe mwenyewe bila kuombwa.

Na tangu siku hiyo warina asali huenda wawili, nao hupiga mbinja, juu na chini. Ukizisikia msituni, shika njia yako. Zikikatika, utamwona aliye chini akiitupa kamba, asali na yote, kabla hajauliza neno.